Tutu: Sura Iliyobaki Ukutani

Katika visa vya michoro iliyopotea, kinachonivuta kuliko vyote ni cha Tutu, sura ya Adetutu Ademiluyi, binti wa ukoo wa kifalme wa Ife, nchini Nigeria. Mchoraji, Ben Enwonwu, alikuwa Mwigbo wa Onitsha; aliyechorwa ni Myoruba. Vita vya Biafra vilikwisha mwaka 1970, na makovu yalikuwa mabichi bado Enwonwu alipomchora, mara tatu, kati ya 1973 na 1974.

Wapenzi wa lugha wasilipite jina hili upesi. Kwa Kiyoruba, ade ni taji, na tutu ni baridi: si baridi ya kutetemesha, bali ile tuikusudiayo tusemapo kwamba moyo umepoa. Sidhani mchoraji alihitaji kuongeza neno.

Baadaye michoro yote mitatu ikatoweka. Hata hivyo, nakala zilizopigwa chapa zilikuwa zimeenea katika nyumba za Wanigeria, hata watu wakaizoea sura ambayo hawakuwahi kuiona katika rangi za mkono wa Enwonwu. Hapa humkumbuka Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840. Tungo zake nyingi zilihifadhiwa vifuani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya miongo kadhaa baadaye, akishirikiana na W. E. Taylor. Ila shairi likikaririwa sawasawa ni shairi lile lile. Mchoro ukipigwa chapa huwa kivuli chake tu. Najua wapo watakaonibishia.

Mwishoni mwa 2017, Giles Peppiatt wa nyumba ya mnada ya Bonhams aliitwa kwenye fleti moja kaskazini mwa London kutazama mchoro. Wenyewe hawakujua thamani yake. Ulikuwa Tutu. Tarehe 28 Februari 2018 uliuzwa kwa pauni 1,205,000, ilhali makadirio ya juu yalikuwa pauni 300,000, na watu wa Lagos waliufuatilia mnada huo moja kwa moja.

Magazeti yakaubandika jina la “Mona Lisa wa Afrika”. Silipendi: Tutu ana jina lake, tena lenye maana timamu.

Michoro miwili mingine haijapatikana. Yamkini mmojawapo umetundikwa sebuleni mwa mtu anayeupita kila asubuhi akitafuta funguo zake.