Hukumu ya kigeni iliyopatikana kwa udanganyifu

Hukumu ya mahakama ya nje kwa kawaida hukaziwa bila kesi kusikilizwa upya. Udanganyifu ni miongoni mwa mambo machache yanayozuia utekelezaji huo. Katika sheria ya Uingereza, kanuni hii ilisimikwa na shauri la Abouloff dhidi ya Oppenheimer la mwaka 1882. Mahakama ya Tiflis ilikuwa imeamuru bidhaa zirudishwe kwa mdai au alipwe thamani yake. Kesi ilipofika London, upande wa pili ulidai kwamba mdai alikuwa nazo muda wote na aliificha mahakama ukweli huo. Mahakama ya Rufani ilikubali utetezi huo, ingawa ulifufua jambo lililokwisha kuamuliwa Tiflis.

Kanuni hiyo imelaumiwa, na si bure: anayetaka kutengua hukumu ya Uingereza yenyewe kwa udanganyifu hutakiwa kuleta ushahidi mpya, lakini anayepinga ya kigeni hatakiwi. Hata hivyo, Baraza la Malodi liliithibitisha mwaka 1992 katika shauri la Owens Bank dhidi ya Bracco. Sheria za mwenendo wa madai za Kenya na Tanzania nazo huinyima nguvu hukumu ya kigeni iliyopatikana kwa udanganyifu.