Dada hawa tuwaiteje?

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alinijia afisini akiwa na riwaya mkononi. Alitaka kuitafsiri lakini alikuwa amekwama mapema. “Mwalimu, hawa dada niwaiteje?”

Riwaya yenyewe ni Darling Girls (2023) ya Sally Hepworth, mwandishi wa Australia. Jessica, Norah na Alicia hawakuzaliwa tumbo moja. Walikutana utotoni kwa Miss Fairchild, mlezi aliyewaweka katika shamba la kupendeza machoni mwa wapita njia, kumbe ndani mlikuwa na hofu tupu. Wakiwa watu wazima, mifupa ya binadamu inafukuliwa chini ya nyumba ile na polisi wanawaita. Taharuki inaanzia hapo. Kila mmoja amebeba utoto wake kivyake: mmoja hatulii mpaka kila kitu kikae mahali pake, wa pili ni mwepesi wa kurusha ngumi, wa tatu amekuwa afisa wa ustawi wa jamii.

Mwanafunzi alikuwa ameandika “dada wa kambo.” Nikamwambia subiri kwanza. Kwa Mswahili wa kawaida, kambo huletwa na ndoa: baba kaoa tena, au mama kaolewa tena. Hapa hakuna ndoa. Ni kweli Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 huyaita malezi ya aina hii “malezi ya kambo,” lakini sheria ni sheria na mtaa ni mtaa. “Kuasili” nako ni kumfanya mtoto wako moja kwa moja. Pwani tuna “ndugu wa kunyonya,” waliokunywa ziwa moja na wasioweza kuoana. Wasichana hawa hawakunyonya pamoja, waliogopa pamoja.

Si suala la istilahi tu. Katika karne ya 20, watoto takriban 500,000 wa Australia walilelewa katika makao na nyumba za walezi. Makao mengi yaliitwa ya mayatima, ilhali wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi hai, ila maskini, wagonjwa au waliotengana. Wengine waliletwa kwa meli kutoka Uingereza na Malta, na baadhi wakaambiwa ati wazazi wao wamekufa. Ndugu wa damu walitenganishwa. Watoto wa wenyeji asilia walionyakuliwa kutoka kwa jamaa zao waliombwa radhi na Waziri Mkuu Kevin Rudd mnamo Februari 2008. Hawa wengine hawakuwa hata na jina hadi 2004, ripoti ya Seneti ilipowaita Waaustralia Waliosahauliwa. Radhi yao ilikuja Novemba 16, 2009. Na wapo waliolikataa jina hilo pia, nami siwalaumu.

Hepworth anabuni, lakini jambo moja amelipatia barabara. Wasichana wale huambiwa kila mara kwamba wana bahati. Mtoto aliyeambiwa ana bahati atalalamika kwa maneno gani?

Nyumbani kwetu alilelewa msichana ambaye hatukuzaliwa naye. Tulimwita dada, basi. Siku moja fomu ya shule ikadai uhusiano, baba akashika kalamu muda mrefu, kisha akaandika “wetu.” Fomu ilirudishwa.

Leo Kenya ina Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarejesha kwenye familia. Afisa atamweleza nyanya kijijini jambo hili kwa neno lipi? Akisema “kambo,” nyanya atauliza nani kaoa.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Hatimaye tukakubaliana: polisi wanapozungumza, aandike “dada wa malezi.” Wenyewe wanapoitana, aandike “dada” peke yake.