Kupata miadi ya GP na dawa zako kabla hazijaisha

Simu imeita dakika ishirini. Ulikuwa mtu wa kumi na nane kwenye foleni, ukafika wa tatu, kisha ukaambiwa nafasi za leo zimekwisha, upige tena kesho saa mbili asubuhi. Kesho una zamu kazini. Na vidonge vya presha vimebaki vinne.

Kama hali hii unaijua, ukurasa huu ni wako. Unaeleza jinsi kituo cha GP, yaani daktari wa familia, kinavyofanya kazi hapa England, na njia nyingine za kupata huduma pale simu inapokushinda.

Mimi ni muuguzi wa jamii. Katika kuwazungukia wagonjwa majumbani nilimkuta mzee mmoja anakata kidonge chake cha presha nusu kwa nusu ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Alidhani kituo kimemnyima. Kumbe kilimtumia ujumbe kwenye simu, kwa Kiingereza, kwamba apimwe damu kwanza ndipo dawa ziendelee. Hakuuelewa, akaona haya kuuliza, akanyamaza. Presha mara nyingi haiumi, kwa hiyo hakujua imepanda hadi nilipompima. Foleni inachosha, lakini kinachowaumiza watu zaidi ni kukata tamaa kimya kimya.

Kwa nini hupewi daktari papo hapo?

Kwetu Afrika Mashariki wengi tumezoea kufika zahanati, kuchukua namba na kukaa kwenye benchi mpaka zamu yako ifike. Hapa si hivyo. Kituo kina nafasi chache kwa siku, na kazi ya kwanza ni kuchuja nani anahitaji kuonwa leo, nani anaweza kusubiri, na nani atasaidiwa na muuguzi au mfamasia.

Ndiyo maana mhudumu wa mapokezi anakuuliza unaumwa nini. Wengi huona ni umbea. Ameagizwa aulize, na analazimika kutunza siri yako kama daktari. Ukimjibu “ni mambo yangu binafsi” bila kuongeza neno, hana namna ya kujua kwamba hali yako ni ya haraka. Kama ni jambo la aibu, unaweza kusema ni tatizo la sehemu za siri au la akili, inatosha.

Useme nini?

Andika haya kwenye karatasi kabla ya kupiga simu:

- Tatizo ni nini, na lilianza lini.
- Linazidi, linapungua au liko palepale?
- Linakuzuia kufanya nini: kulala, kula, kutembea, kufanya kazi?
- Dawa unazotumia, na zimebaki za siku ngapi.
- Kama una mimba, kisukari, sikoseli au ugonjwa mwingine wa kudumu.

“Najisikia vibaya” haimsaidii mtu kukupangia. “Nina kikohozi wiki tatu, usiku natoka jasho na nimepungua uzito” inamsaidia sana.

Si lazima kupiga simu saa mbili asubuhi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, vituo vya GP vya England vinatakiwa kupokea maombi yasiyo ya dharura kwa njia ya intaneti muda wote wa kazi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Fomu iko kwenye tovuti ya kituo chako. Huna intaneti? Unaweza kupiga simu au kwenda mapokezi mwenyewe, na hawapaswi kukufukuza kwa sababu hukujaza fomu.

Kiingereza kikikupiga chenga

Una haki ya mkalimani, na hulipi chochote. Omba wakati wa kupanga miadi, kwa sababu anahitaji kutafutwa. Sema: “Swahili interpreter, please.” Omba pia muda mrefu zaidi, kwani maneno yakitafsiriwa dakika huisha haraka.

Usimfanye mtoto wako mkalimani. Mama hawezi kusema anatokwa damu ukeni, wala baba kusema nguvu zimepungua, huku mtoto amekaa katikati. Mtakachoficha ndicho daktari alichohitaji kusikia.

Magonjwa yanayotibiwa na mfamasia

Tangu Januari 2024, famasia nyingi za England zinaweza kukutibu matatizo saba bila kumwona GP, na kukupa dawa hata zile zinazohitaji cheti:

- maumivu ya koo;
- maumivu ya sikio kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 17;
- maambukizi ya sainasi;
- alama ya kuumwa na mdudu iliyopata maambukizi;
- impetigo, vidonda vya ngozi vyenye ukoko;
- mkanda wa jeshi;
- U.T.I. ya kawaida kwa mwanamke wa miaka 16 hadi 64.

Baadhi yana mipaka ya umri, na mfamasia atakuambia. Akiona tatizo limemzidi atakuelekeza kwa GP. Famasia nyingi pia hutoa vidonge vya uzazi wa mpango bila malipo, na hupima presha bure kwa wenye miaka 40 na zaidi.

Dawa za kila mwezi

Cheti cha kurudia hakijitumi chenyewe. Kila mara unatakiwa kuagiza. Agiza zikiwa zimebaki za siku saba hadi kumi, kwa sababu kituo huchukua siku mbili au tatu za kazi, na famasia nayo inahitaji muda wa kuziandaa. Sikukuu na Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi.

Unaweza kuagiza kwa programu ya NHS App, kwa tovuti ya kituo, au kwa kupeleka mapokezi ile karatasi inayokuja na dawa, ukiwa umetia alama kwenye dawa unazotaka. Vituo vingi havipokei maagizo ya dawa kwa simu.

Dawa zisipofika, chunguza mambo haya matatu:

1. Zimeenda famasia gani? Cheti hutumwa kwa kompyuta hadi famasia uliyoichagua. Kama umehama mtaa, huenda dawa zinakusubiri kule kwa zamani.
2. Je, unadaiwa vipimo? Kituo kinaweza kusimamisha au kupunguza dawa mpaka upimwe presha au damu. Uliza moja kwa moja: “Kuna kipimo natakiwa kufanya?”
3. Je, famasia haina dawa hiyo? Mwombe mfamasia arudishe cheti kwenye mfumo ili famasia nyingine yenye dawa ikichukue.

Kama hali yako imetulia, uliza GP kama unaweza kuandikiwa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, hadi mwaka mmoja. Hapo utakuwa unazichukua famasia kila mwezi bila kuagiza upya.

Zimekwisha leo, na kituo kimefungwa

Piga 111. Ni bure, saa 24, na unaweza kuomba mkalimani. Waambie jina la dawa na umekunywa mara ya mwisho lini. Wanaweza kukuelekeza famasia itakayokupa za kukuvusha siku chache. Nenda na boksi tupu au karatasi ya zamani. Dawa chache, kama zile kali za maumivu zinazodhibitiwa, huwa hazitolewi kwa njia hii.

Usiazime vidonge vya jirani hata kama ugonjwa ni mmoja. Rangi inaweza kufanana na nguvu ikawa tofauti. Na usikate dawa nusu kwa ajili ya kubana matumizi.

Pesa za dawa

Kumwona GP hakulipiwi, kwa mtu yeyote, hata kama karatasi zako za uhamiaji hazijakaa sawa. Huhitaji pasipoti wala uthibitisho wa anwani ili kujiandikisha.

Dawa zina malipo England. Kwa bei ya mwaka 2025 ilikuwa pauni 9.90 kwa kila dawa. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hazilipiwi.

Husamehewa, miongoni mwa wengine, watoto chini ya miaka 16, wenye miaka 60 na zaidi, na wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali. Wajawazito na wagonjwa wa kisukari wanaotumia dawa wanasamehewa pia, ila sharti wawe na cheti cha msamaha. Uliza kituoni. Presha na pumu hazimo kwenye orodha hiyo.

Kama kipato ni kidogo, jaza fomu ya HC1. Na kama unalipia dawa mbili kila mwezi, nunua cheti cha malipo ya awali. Kwa bei ya 2025, dawa mbili kwa mwezi zingekugharimu pauni 237.60 kwa mwaka, wakati cheti cha mwaka kilikuwa pauni 114.50, na unaweza kukilipa kidogo kidogo.

Usitie alama ya msamaha kwa kubahatisha. Ukikutwa huna haki, unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 100.

Usisubiri miadi

Piga 999 ukiwa na maumivu makali ya kifua, ukishindwa kupumua, uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, damu ikitoka kwa wingi, au mtu akipata degedege kwa mara ya kwanza.

Homa baada ya safari ya nyumbani nayo haisubiri. Malaria inaweza kujitokeza wiki au miezi kadhaa baada ya kurudi, na kinga uliyokua nayo utotoni hupungua ukikaa nje. Taja nchi uliyotoka na tarehe uliyorudi, uombe kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Kituo kisipokupa nafasi, piga 111 au nenda hospitali.

Ukiona hukutendewa haki

Muulize mhudumu jina lake kwa upole, andika tarehe na ulichoambiwa, kisha omba kuzungumza na meneja wa kituo. Unaweza kuandika malalamiko kwa Kiswahili na kuomba yatafsiriwe. Kulalamika hakukuondolei haki ya kutibiwa, na unaruhusiwa kuhamia kituo kingine kinachohudumia mtaa wako.

Kwa leo, fungua kabati uhesabu vidonge vyako. Vikiwa chini ya siku kumi, agiza sasa.