Faili Lililofungwa Bila Hukumu: Upelelezi wa Barua za Kimeta na Uhalali wa Shaka ya Umma

Utangulizi

Tarehe 19 Februari 2010, Wizara ya Sheria ya Marekani ilifunga rasmi upelelezi wa barua za kimeta zilizotumwa kwa posta mwaka 2001. Muhtasari wa kurasa 92 uliotolewa siku hiyo ulimtaja Bruce Ivins, mtafiti wa chanjo katika maabara ya jeshi ya Fort Detrick, Maryland, kuwa ndiye aliyeziandaa na kuzituma, tena peke yake. Ivins hakuwapo kujibu. Alifariki tarehe 29 Julai 2008 baada ya kumeza dawa za kutuliza maumivu kupita kiasi, wakati waendesha mashtaka wakijiandaa kumfikisha mahakamani. Ushahidi dhidi yake haukuwahi kusikilizwa na jaji, wala mashahidi hawakuwahi kuhojiwa na wakili wa utetezi.

Wanaohoji hitimisho hilo huwekwa kwa urahisi katika fungu moja na wapenda uvumi. Makala hii inaukataa uainishaji huo. Hoja yake ni kwamba shaka ya umma ilizalishwa na namna upelelezi wenyewe ulivyoendeshwa na kufungwa, na kwamba ilikuwa halali hata kama Ivins ndiye mkosaji. Kumpata mkosaji ni jambo moja. Kuthibitisha mbele ya umma kwamba umempata ni jambo jingine, nalo lina masharti yake.

Shaka iliyotangulia upelelezi

Barua hizo zilipigwa mihuri ya posta ya Trenton, New Jersey, tarehe 18 Septemba na 9 Oktoba 2001, nchi ikiwa bado katika mshtuko wa Septemba 11. Za awali zililenga vyombo vya habari; za pili ziliwalenga maseneta Tom Daschle na Patrick Leahy. Watu 22 waliugua, watano wakafa. Msomaji wa Afrika Mashariki anakijua kimeta kama ugonjwa wa mifugo unaompata aliyechuna au kula mzoga. Kilichokuwa ndani ya bahasha hizi ni unga mkavu wa spora uliopeperuka na kuvutwa kwa pumzi, na kimeta cha mapafu huua haraka kuliko kile cha ngozi. Hofu ilivuka bahari: Oktoba hiyohiyo Waziri wa Afya wa Kenya, Sam Ongeri, alitangaza kwamba bahasha iliyotoka Marekani ilikuwa na kimeta, kisha vipimo vya baadaye vikaonyesha kuwa haikuwa nacho.

Barua ya Daschle ilifunguliwa tarehe 15 Oktoba, na watumishi wa Bunge wakapewa antibiotiki bila kukawia. Kituo cha posta cha Brentwood, Washington, ambako barua hiyo ilipitia, kiliachwa kiendelee na kazi hadi tarehe 21. Wafanyakazi wake wawili walifariki. Wengi wa waliofanya kazi pale walikuwa Wamarekani Weusi, na swali lao la kwanza halikuhusu aliyetuma barua. Waliuliza kwa nini tahadhari ilifika upesi kwa wakubwa ikachelewa kwa wachambuaji barua. Serikali iliingia katika upelelezi ikiwa imeshapoteza sehemu ya imani iliyohitaji.

Majina yaliyotajwa mapema

Sehemu nyingine ilipotea njiani. Mwishoni mwa Oktoba 2001 taarifa za televisheni zilidai kwamba unga huo ulikuwa na bentonaiti, madini yaliyohusishwa na silaha za Iraki. Dai hilo lilikanushwa, na bakteria wenyewe walielekeza kwingine: walikuwa wa aina ya Ames, iliyopatikana kwa ng'ombe wa Texas mwaka 1981 na kutumiwa sana katika maabara za Marekani.

Agosti 2002, Mwanasheria Mkuu John Ashcroft alimtaja Steven Hatfill, mwanasayansi aliyewahi kufanya kazi Fort Detrick, kuwa mtu ambaye wapelelezi walikuwa wakimfuatilia. Hatfill hakuwahi kushtakiwa. Aliandamwa na wapelelezi na waandishi wa habari, akakosa kazi, akaishtaki serikali. Mwezi Juni 2008 serikali ilikubali kumlipa fidia yenye thamani ya dola milioni 5.8, na Agosti ikakiri kwamba hakuhusika. Kati ya tarehe ya malipo hayo na siku Ivins alipotangazwa kuwa mhusika, 6 Agosti 2008, hazikupita hata wiki sita. Aliyeambiwa jina la pili na walewale waliokosea la kwanza alikuwa na haki ya kudai uthibitisho mzito zaidi.

Kile ambacho sayansi ilisema

Uthibitisho uliotolewa ulikuwa wa kijenetiki. Bakteria wa kwenye barua walipooteshwa, baadhi ya makundi yao yalionekana na sura tofauti na mengine, na tofauti hizo zilitokana na mabadiliko ya jeni. FBI ilitengeneza vipimo vya kutambua mabadiliko manne, ikavitumia kwa zaidi ya sampuli 1,000 za Ames kutoka maabara za Marekani, Uingereza, Kanada na Uswidi. Sampuli nane tu zilikuwa na yote manne, na FBI ilisema zote zilitokana na chupa moja ya Fort Detrick, yenye namba RMR-1029, iliyokuwa chini ya uangalizi wa Ivins.

Haya ni mafanikio halisi ya kisayansi, na anayeyabeza hajayasoma. Lakini chupa si mtu. Zaidi ya watu 100 waliwahi kuweza kuifikia RMR-1029 au spora zilizotoka humo. Kumtoa mmoja miongoni mwao kulitegemea ushahidi wa mazingira: saa nyingi alizokaa maabarani usiku peke yake kabla ya barua kutumwa, hofu yake kwamba mradi wa chanjo ungefutwa, na hali ya akili yake. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa magonjwa ya akili waliopitia rekodi zake za matibabu liliona kwamba zinaunga mkono hitimisho la FBI. Kuna pia suala la sampuli mbili alizowasilisha mwaka 2002. Ya kwanza ilikataliwa kwa kuwa haikuandaliwa kwa utaratibu, ingawa nakala yake ilibaki Arizona na baadaye ikaonekana kulingana na barua. Ya pili haikuwa na mabadiliko yale. Wapelelezi waliiona hiyo kuwa hila.

Ushahidi wa mazingira unaweza kumtia mtu hatiani, na mahakama za nchi nyingi huukubali. Lakini nguvu yake hupimwa kwa kupingwa. Wakili angeuliza kama tofauti ya sampuli mbili inaweza kutokana na namna zilivyochotwa. Angeuliza pia kama mabadiliko yaleyale yanaweza kujitokeza yenyewe katika chupa nyingine. Maswali hayo hayakupata mahali pa kuulizwa.

Yaliulizwa baadaye, nje ya mahakama. Februari 2011 kamati ya Akademia ya Taifa ya Sayansi, iliyoongozwa na Alice Gast na kuombwa na FBI yenyewe, ilihitimisha kwamba kwa ushahidi wa kisayansi pekee haiwezekani kusema kwa uhakika unga wa barua ulitoka wapi. Iliona kwamba spora za barua zilihitaji kuoteshwa upya baada ya kutoka kwenye chupa, na kwamba uwezekano wa mabadiliko kujitokeza kwingine haukuchunguzwa vya kutosha. Desemba 2014 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali nayo ilikosoa uhakiki wa vipimo hivyo na udhaifu wa takwimu zake.

Linganisha tarehe. Kamati ilianza kazi 2009. Faili likafungwa Februari 2010. Ripoti ikatoka 2011. Serikali iliomba wataalamu waipime kazi yake, kisha ikatangaza matokeo kabla hawajamaliza kupima.

Kesi ya ngedere, hakimu nyani

Kiini cha tatizo ni cha kimuundo. Kwa maelezo ya serikali yenyewe, kimeta kilitoka katika maabara ya serikali, kikaandaliwa na mtumishi wa serikali, na Ivins huyohuyo alishiriki kuchunguza unga wa barua ya Daschle mwezi Oktoba 2001. Serikali ikapeleleza, ikatunza ushahidi, ikachagua cha kutoa hadharani, kisha ikatamka mkosaji. Methali ya ngedere na nyani haidai kwamba nyani lazima atapotosha hukumu. Inadai kwamba hata akihukumu kwa haki, hakuna atakayeamini.

Ugumu huu ulijitokeza hadi ndani ya serikali. Leahy, aliyekuwa mlengwa wa barua mojawapo, alimwambia Mkurugenzi wa FBI Robert Mueller mwezi Septemba 2008 kwamba haamini Ivins alitenda peke yake. Rush Holt, mbunge wa New Jersey na mwanafizikia, alitaka tume huru iundwe, haikuundwa. Mwaka 2011, katika kesi ya madai iliyofunguliwa na familia ya marehemu wa kwanza, mawakili wa Wizara ya Sheria waliandika kwamba maabara ya Ivins haikuwa na vifaa maalumu vya kukaushia spora, kisha wakaomba kusahihisha maelezo hayo. Novemba serikali ikalipa dola milioni 2.5 kumaliza kesi. Raia aliyeona wizara moja ikitoa maelezo mawili hakuhitaji nadharia ya njama ili kusita.

Hitimisho

Ni kweli kwamba shaka isiyo na kikomo huharibu. Ikiwa hakuna ushahidi unaoweza kumridhisha mwenye shaka, shaka yake si hoja tena. Ndiyo maana kipimo kinachofaa ni hiki: mwenye shaka anadai kitu kinachoweza kutolewa? Leahy, Holt na kamati ya Gast walidai vitu vya namna hiyo: nyaraka zote, vipimo vilivyohakikiwa, na chombo huru chenye mamlaka ya kuita mashahidi.

Kwa mtuhumiwa aliyekufa, chombo kama hicho ndicho kibadala pekee cha mahakama. Upelelezi wa shambulio la vimelea, hasa vinavyotoka katika maabara ya dola, unapaswa kufungwa na chombo hicho badala ya waliouendesha. Uamuzi wake ungeweza kuwa uleule, kwamba Ivins ndiye. Tofauti ni kwamba ungekuwa umepatikana baada ya ushahidi kupingwa, na hapo wanaoendelea kubisha wangelazimika kueleza kwa nini.