Kompyuta Imezeeka? Malizana na Diski Kabla ya Kumuita Mtu wa Vyuma

Una kompyuta iliyokufa chini ya kitanda hapo Mishomoroni, na jamaa wa vyuma kuukuu anapita na mkokoteni? Tulia kwanza, msee. Mashine ikifa, diski ya ndani mara nyingi bado iko fiti, na ndiyo imebeba picha zako, kopi ya kitambulisho, PIN ya KRA na taarifa za M-Pesa.

Ukidhani kufuta faili kumemaliza stori, umebugi. Kompyuta hufuta anwani tu. Faili lenyewe hubaki hapo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu za bure kama Recuva na PhotoRec zinaweza kulirudisha. Mwaka 2003, watafiti wawili wa MIT, Marekani, walitoa ripoti ya diski 158 walizonunua mitumba. Ndani walikuta zaidi ya namba 5,000 za kadi za mkopo za watu.

Fanya hivi:

1. Okoa vitu vyako. Chomoa diski uitie kwenye kava ya USB. Ya laptop, inchi 2.5, hutosheka na moto wa USB. Ya kompyuta ya mezani, inchi 3.5, inataka adapta yake. Angalia pia plagi: SATA na IDE haziingiliani.

2. Iko nzima? Igeuze stoo ya muvi na ngoma. Ila usiweke kopi pekee ya kitu cha maana hapo, na ikianza kugonga tik-tik, hamisha kila kitu chap chap.

3. Unaiuza? Kwenye Windows, ifomati huku umetoa tiki kwa "Quick Format". Itakula masaa, lakini inaandika sifuri diski nzima. Kama ni SSD, hiyo haitoshi. Tumia programu ya kampuni iliyoitengeneza, chaguo la Secure Erase.

4. Imekufa kabisa? Ifungue na bisibisi ya nyota, toa sahani za ndani uzikwaruze na kuzikunja. Vaa miwani, maana sahani za laptop nyingi ni za kioo na hupasuka.

Usiitupe jaani. Taka za Mombasa huishia Mwakirunge, huku huku Kisauni, na kuna watu huchambua kila kitu kinachouzika. Ukishamalizana na diski, sasa muite jamaa wa mkokoteni akupimie kilo za hilo ganda.