Kipindupindu na Wasio na Mlango

Turudi nyuma hadi Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka wilayani Kinondoni, kikaingia Ilala na Temeke, na baadaye kikaenea karibu nchi nzima. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwaka 1977 ulianzia Rufiji ukasambaa mikoani. Mwaka 1997 uliwapata watu zaidi ya 40,000 na kuua zaidi ya 2,000. Kwa hiyo wakubwa wa afya walijua la kutuambia: chemsheni maji, naweni kwa sabuni, tumieni choo, msile vyakula vya barabarani.

Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Lakini hebu tuutazame kwa macho ya kijana mpagazi wa soko la Tandale au Tandika, anayemaliza kazi magharibi na kulala juu ya meza ya muuza nyanya. Kuchemsha maji kunataka jiko, mkaa, sufuria na chombo cha kuyahifadhi. Yeye mali yake yote ni boksi analotandika. Choo cha sokoni ni cha kulipia, na usiku hutiwa kufuli. Mlo wake ulikuwa wali na maharage ya mama lishe. Vyakula vya barabarani vilipopigwa marufuku, mwenye nyumba alirudi kula kwake. Mpagazi arudi wapi? Sisemi marufuku ile ilikuwa kosa. Nasema iliandikwa na watu wenye jiko nyumbani.

Vidonge vya klorini navyo viligawiwa kaya kwa kaya. Na kaya, kwa lugha ya ofisi, ni mlango: bwana afya anabisha, anaandika idadi ya watu, anaacha vidonge. Anayelala kwenye baraza la duka la mtu hayumo katika daftari hilo. Tena kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache. Mwenye ndugu chumbani huinuliwa usiku, akanyweshwa maji ya chumvi na sukari, akatafutiwa gari. Wa barazani hudhaniwa amelewa.

Tarehe 9 Desemba mwaka ule sherehe za Uhuru hazikufanyika. Rais Magufuli aliagiza siku hiyo iwe ya usafi, kwa sababu ilikuwa aibu kutumia fedha kwa gwaride wakati watu wanakufa kwa kipindupindu. Tulishika mafagio, na mimi nilishika langu. Kumbe siku nane tu baadaye, tarehe 17, matingatinga yaliingia bonde la Msimbazi, Mkwajuni na Hananasif, kubomoa nyumba zilizowekwa alama ya X.

Bonde lile ni la hatari, sibishi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na waathirika wa Jangwani walipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua vyao. Baadhi wakarudi bondeni. Na tabia ya kulinda afya ya mji kwa kumsogeza maskini ina umri mrefu kuliko uhuru wetu: uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi na wakoloni ili kuitenga Kariakoo na mji wa wakubwa, na afya ilikuwa moja ya sababu walizotoa. Lakini kubomoa katikati ya kipindupindu, na mvua inanyesha!

Nilipita Hananasif siku zile. Kabati limesimama juu ya kifusi, kitanda kimefunikwa turubai, mama anapepea moto wa mbao za dari lake mwenyewe. Vyoo vilikuwa vimebomolewa pamoja na nyumba. Kwa mkono mmoja tulikuwa tukifagia kipindupindu, kwa mkono wa pili tukikitandikia mkeka. Januari 2016 Mahakama Kuu ilitoa zuio la kubomoa nyumba za waliofungua kesi. Waliokwisha kubomolewa walibaki pale pale kifusini.

Siku hiyo ikinyesha tena, tusianze na majumba ya kuwahifadhi wasio na makazi, maana fedha hizo tutaambiwa hazipo. Lipelekwe tangi la maji yenye dawa sokoni Tandale, na la pili Tandika. Choo cha soko kisitiwe kufuli usiku, wala kisidai senti. Na bwana afya, pamoja na kupita saa nne asubuhi, apite na saa nne usiku.