Ndege wa Pribilof na Watoto Wanaowahesabu

Katikati ya Bahari ya Bering, kilomita 480 hivi kutoka bara la Alaska, kuna visiwa vya Pribilof, ambavyo viwili kati yake vinakaliwa na watu: St. Paul na St. George. Havina msitu. Kiangazi hufunikwa na ukungu, na majira ya baridi eropleni hushindwa kutua siku nyingi mfululizo. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilikuta watu 413 St. Paul na 67 St. George. Ndege wa baharini wanaokuja kuzaliana huko kila mwaka wanazidi milioni mbili.

Wengi wao hutua St. George, kwenye magenge yanayosimama wima hadi mita 300 juu ya maji. Hesabu kubwa ya kisiwa hicho iliyofanywa katika miaka ya 1970 ilikadiria kuwa mari mwenye mdomo mnene, peke yake, alifikia milioni moja na nusu. Mari ni ndege mweusi mgongoni na mweupe kifuani. Hajengi kiota. Hutaga yai moja juu ya mwamba mtupu, na kinda lake likitimiza wiki tatu hivi, kabla halijaweza kuruka sawasawa, hujirusha baharini, na huko hulelewa na baba. Jirani yake ni shakwe wa miguu myekundu, ndege adimu kweli kweli. Duniani kote huzaliana katika visiwa vichache tu vya Bahari ya Bering na ukingo wake, na sehemu kubwa ya jamii yake, robo tatu hivi, iko St. George. Kinachomvuta ni chakula: huwinda usiku samaki wadogo wanaong'aa wanaopanda kutoka kilindini, na St. George iko karibu na mahali ambapo sakafu ya bahari inaporomoka.

Hayo yote yameandikwa sana. Kisichoandikwa sana ni nani aliyekuwa akiwatazama ndege hao miaka yote, na nani aliyesikilizwa alipoeleza alichokiona.

Wenyeji ni Waunangan, ambao Warusi waliwaita Waaleuti. Husimulia kwamba kijana mmoja, mwana wa chifu wa kisiwa cha Unimak, alisukumwa na dhoruba hadi St. Paul, akakaa huko msimu mzima wa baridi, ndipo akarejea kwao. Mwaka 1786 baharia Gavriil Pribylov, mtumishi wa wafanyabiashara wa Kirusi, alifika St. George, inasemekana aliongozwa na kelele za sili ndani ya ukungu. Mwaka uliofuata watu wake wakaingia St. Paul. Walichotaka ni ngozi za sili wa manyoya, na ili kuzipata waliwahamisha Waunangan kutoka Unalaska na Atka, wakawaweka huko kuua na kuchuna. Marekani ilipoinunua Alaska mwaka 1867, iliirithi biashara hiyo pamoja na wafanyakazi wake.

Sili walikuwa mali ya wakubwa. Ndege walikuwa chakula cha wenyeji. Henry Wood Elliott, wakala wa Hazina ya Marekani aliyefika mwaka 1872 na kuoa binti wa St. Paul, aliandika jinsi wanaume walivyokwenda kisiwa kidogo cha Walrus na kurudi na mashua ya ngozi iliyosheheni mayai ya mari. Kwenye magenge ya St. George watu waliteremshwa kwa kamba kuokota mayai. Ndege mdogo kuliko wote, ambaye mpaka leo watu wa visiwani humwita chuchki, alinaswa kwa nyavu. Kazi ya namna hiyo haifanywi na asiyejua. Anayening'inia kwenye kamba juu ya bahari lazima ajue mari anaanza kutaga lini, jabali lipi limekufa mwaka huu, na kwa nini mwaka jana mayai yalichelewa. Kwangu mimi huo ndio utafiti wa kwanza wa ndege wa Pribilof. Haukuandikwa, lakini ulifundishwa: mjomba kwa mpwa, bibi kwa mjukuu.

Utafiti ulioandikwa ulikuja na wageni. Mwaka 1909 Rais Theodore Roosevelt alitangaza visiwa hivyo kuwa hifadhi ya ndege. Katika miaka ya 1910 alikuwapo G. Dallas Hanna, aliyefundisha shule na huku akikusanya habari za ndege na wanyama wa visiwa. Mwaka 1923 Edward Preble na W. L. McAtee walichapisha ripoti nene kuhusu viumbe wa Pribilof, na hadi leo wataalamu huirejea. Ni kazi nzuri, na sina nia ya kuitweza.

Lakini tuangalie shule ya wakati huohuo. Serikali ilishika duka, nyumba, mishahara na hata ruhusa ya mtu kuondoka kisiwani. Watoto walioongea lugha yao darasani waliadhibiwa, na mvulana alilelewa akijua kwamba maisha yake yataishia kwenye kazi ya sili. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pribilof mgeni alikuja, akajenga, akaandika vitabu, na mwenyeji hakupona.

Juni 1942, Wajapani walipoishambulia Dutch Harbor na kuvikalia visiwa vya Attu na Kiska, watu wa St. Paul na St. George walipakiwa melini wakapelekwa Funter Bay, kusini mashariki mwa Alaska. Waliwekwa katika kiwanda kikuukuu cha samaki na mgodi ulioachwa. Maji yalikuwa machafu, maradhi yakaingia. Kati ya Waunangan wote waliohamishwa wakati wa vita, takriban mmoja kati ya kumi alifariki. Na bado, kiangazi cha 1943, wanaume walirudishwa Pribilof kuvuna sili kwa faida ya serikali, kisha wakapelekwa tena kambini. Familia zilirejea makwao mwaka 1944. Bunge la Marekani liliomba radhi na kuidhinisha fidia mwaka 1988, miaka 44 baadaye.

Nimekaa kidogo kwenye habari hiyo kwa sababu bila kuijua, mtu hawezi kuelewa kwa nini jambo dogo kama kambi ya watoto ya kuangalia ndege lina uzito huko.

Sayansi ya kisasa ya ndege ilianza Pribilof mwaka 1975, na iliyoifungulia mlango ni mafuta. Serikali ilitaka kukodisha sehemu za bahari ya Alaska kwa kampuni za mafuta, ikahitaji kujua ni viumbe gani wangepata madhara. Kundi la George Hunt wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, likapiga hema visiwani. Walichagua sehemu maalumu za majabali, wakaziwekea mipaka, wakahesabu ndege na viota vya sehemu hizohizo kila kiangazi. Baadaye kazi ikachukuliwa na Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Bahari ya Alaska, iliyoundwa mwaka 1980. Hesabu hizo zimeendelea, na ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za ndege wa baharini katika Pasifiki ya Kaskazini.

Miaka hiyohiyo wenyeji nao walikuwa wakiona mambo. Ilarion Merculieff, mwandishi na kiongozi mzaliwa wa St. Paul, amesimulia mara nyingi jinsi watu wake walivyogundua katika miaka ya 1970 kwamba ndege wamekonda na makinda hayastahimili, wakasema, na wataalamu hawakuyachukua maneno yao kama ushahidi. Baadaye takwimu za watafiti zilionyesha kuwa shakwe wa miguu myekundu wa St. George walipungua sana kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980, kabla hawajaanza kuongezeka tena. Kutosikilizwa huko kulikuwa hasara ya pande zote mbili.

Mageuzi yalikuja kwa njia ya uchumi. Mwaka 1983 Bunge lilibadili sheria ya sili, serikali ikajiondoa, na mavuno ya biashara yakakoma. Jamii iliyofanyishwa kazi moja kwa karibu miaka 200 ikaachiwa ijitafutie nyingine. St. Paul iligeukia bandari na kaa. Serikali ya kabila ikaunda ofisi yake ya kuhifadhi mazingira, yenye walinzi wa kisiwa wanaopita fukweni mwaka mzima na kuandika wanachokiona. Katika miaka ya 1990 ukaanza mpango wa kuwatoa vijana nje wakati wa kiangazi, wajifunze kwa wazee na kwa wataalamu kwa pamoja. Kutokana na moyo huohuo ukazaliwa mtandao wa vijana na ndege wa baharini, ukiziunganisha shule za Pribilof, serikali ya kabila, hifadhi na watafiti wanaokuja kila msimu.

Kwenye kambi ya kiangazi ya mtandao huo, mtoto hujifunza kutofautisha shakwe wa miguu myekundu na yule wa miguu myeusi, hata akiwa angani. Hufundishwa kwa nini hesabu hurudiwa pale pale na kwa namna ile ile, na jinsi kioo kilichofungwa kwenye ncha ya mti mrefu kinavyomwezesha mtu kuchungulia kiota bila kumfukuza ndege. Huambiwa pia kwamba shakwe akishikwa hutapika, na matapishi hayo ni hazina, kwani yanaonyesha bahari imempa samaki gani wiki hii. Vijana wamerekodi sauti na filamu zao wenyewe kuhusu ndege hao. Vuli ikifika, shule ya St. Paul hutenga wiki nzima ya Bahari ya Bering, na wataalamu huingia madarasani kufundisha.

Faida ya mpango wa aina hii ilionekana Oktoba 2016. Wakati huo watafiti wa kiangazi walikwisha kuondoka. Kwenye fukwe za St. Paul wakaanza kuonekana pafini waliokufa, ndege wenye mdomo mkubwa wa rangi ambao msimu huo huwa wameshakwenda zao. Hadi Januari 2017 wakazi na walinzi wa kisiwa walikuwa wameokota mizoga zaidi ya 350, asilimia 79 wakiwa pafini wa kishungi. Walikuwa mifupa mitupu. Karibu wote walikuwa wakubwa, na manyoya yao ya kurukia yalikuwa bado yanaota upya, hivyo hawakuweza kwenda mbali kutafuta chakula.

Jambo dogo lenye maana kubwa ni hali ya mizoga hiyo. Kwa kawaida ndege waliokufa St. Paul hukutwa wamekwisha kugugunwa na mbweha. Kumbukumbu za nyuma zilionyesha kwamba asilimia 17 tu hukutwa wazima. Safari hii karibu robo tatu walikuwa hawajaguswa, maana yake walikuwa wanaendelea kufa na kuletwa na mawimbi siku hadi siku. Na St. George hawakuonekana kabisa. Habari hiyo ya kutoonekana ndiyo iliyowawezesha wataalamu kukisia eneo la bahari walikofia, na kukadiria kwamba vifo vilikuwa kati ya ndege 3,150 na 8,800. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingejulikana kama kisiwani kusingekuwa na watu waliozoea kutembea ufukweni katika upepo wa Desemba, wakiwa na kumbukumbu ya hali ya kawaida ya kulinganisha.

Tangu hapo hali imekuwa ngumu. Mwaka 2022 uvuvi wa kaa wa theluji katika Bahari ya Bering ulifungwa kwa mara ya kwanza baada ya kaa kutoweka kwa mabilioni, na St. Paul, ambayo mapato yake yalitegemea kaa, ikatangaza hali ya dharura. Familia zinahama. Kisheria Alaska haiipi fedha kamili shule yenye wanafunzi chini ya kumi, na darasa la St. George, kisiwa chenye ndege wengi kuliko wote, limeonja makali ya kanuni hiyo. Wakati huohuo hatari mpya zinabisha hodi. Visiwa hivi havina panya, na panya mmoja aliyefika St. Paul mwaka 2018 alisakwa kwa miezi mingi kabla hajapatikana, kwa kuwa jike mwenye mimba akishuka kutoka melini, ndege wanaotaga chini wamekwisha.

Fedha za utafiti bado huelekezwa zaidi kwa hema za kiangazi, meli na vipimo. Zinahitajika. Lakini anayetaka kujua yanayotokea katika Bahari ya Bering ahakikishe kwanza kwamba yupo kijana wa Pribilof anayelipwa mshahara wa kukaa kisiwani mwezi Januari.